Nimemnunulia Wifi Diski Kubwa

Jumapili, baada ya mvua.

Ziwa limechafuka tangu alfajiri na upepo umeingiza mchanga mpaka ndani ya sufuria. Sikwenda kanisani. Nilimwambia mume wangu, Baba Sifa, kwamba kichwa kinaniuma, akaniangalia kidogo, akachukua Biblia yake akaenda na watoto. Kichwa hakiniumi. Nina furaha mbaya ambayo siwezi kukaa nayo kwenye benchi moja na watu waliookoka.

Jana nililipiza kisasi. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayeijua sura yangu, na nisipomsimulia mtu nitapasuka.

Nianze na wifi yangu. Mama Aline ni dada mkubwa wa mume wangu. Mto Mulongwe ulipofurika uliibeba nyumba yake yote, akaja kwetu na godoro lililolowa, akasema anapumzika kidogo. Mpaka leo anapumzika. Ni yeye anayejua chumvi iingie lini kwenye sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo. Ni yeye anayejua binti yangu Sifa asuke nywele namna gani. Nikienda kwa mume wangu na malalamiko, anaangalia chini kama mtu aliyepoteza sarafu. "Iko dada yangu," anasema. "Nifanye nini?" Hilo ni jibu lake kwa kila kitu.

Maji yale yale yaliingia kwetu pia. Hayakubomoa kuta, lakini yalifika kwenye sanduku lililokuwa chini ya kitanda, na picha za mama yangu zikawa uji. Zilikuwa chache tangu mwanzo. Mama alikuwa mfugaji kule Rurambo, juu milimani, na hakupenda kupigwa picha. Mtu akiinua simu, yeye aligeuka akaenda kumwangalia ndama.

Mara moja tu hakugeuka. Watu wa televisheni ya hapa mjini walipanda Rurambo kutengeneza kipindi kuhusu maziwa na jibini, wakamkuta anakamua. Wakamwuliza maziwa ya milimani yana kitu gani ambacho ya bondeni hayana. Mama akafikiri, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka. Alicheka mpaka mwandishi naye akaanza kucheka. Kisha akasema, "Ni majani tu, mutoto yangu. Weye ulifikiri ni nini?"

Kipindi kilipotangazwa nilikirekodi. Tuna dekoda yenye diski ndani, inahifadhi vipindi ukivitaka baadaye. Mume wangu aliinunua Bujumbura ikiwa imekwisha kutumika kwa watu wengine, na diski yake ni ndogo, lakini kwetu ilitosha. Mama alikuwa kipindi cha kwanza kabisa kuwekwa humo, akakaa mwisho wa orodha. Nilikuwa nikimfungua siku nilizochoka. Si mara nyingi. Kitu ukijua kipo hukitazami kila siku.

Halafu Mama akafariki.

Nyumba yenye kilio haiwashi televisheni. Ndivyo tunavyofanya, na mimi sikuwa na neno. Lakini Mama Aline hakuridhika na kuizima. Alileta kitambaa cheupe cha meza, na mbele ya wageni waliokuja kutupa pole akaifunika televisheni pamoja na dekoda yake, akakinyoosha pembe zote. "Mu nyumba ya kilio," alisema kwa sauti iliyotosha barabara nzima, "minye sitaki kusikia hata muziki ya telefone. Mupaka siku ya kumaliza kilio." Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Walimwona ni mtu wa heshima. Hata mimi nilimshika mkono nikamshukuru, na mkono huo ningeweza leo ningeuosha kwa jivu.

Siku ya kuondoa kilio ilipokaribia, kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Rurambo. Alisema watashuka yeye na wadogo zetu, wataleta maziwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kama ile mashini yenye Mama bado ninayo. Yeye hajawahi kukiona kile kipindi, wala wadogo zetu. Kule kwao televisheni hakuna. Nilimwambia washuke bila wasiwasi: siku kitambaa kikiondolewa, mtu wa kwanza kuonekana humo atakuwa Mama. Akasema, "Asante, dada." Kaka yangu si mtu wa kusema asante.

Nilikata simu nikaenda kupangusa vumbi pale kwenye televisheni, ili tu niwe karibu naye. Kitambaa kilikuwa na joto.

Niliingiza mkono chini yake. Dekoda ilikuwa inaunguruma na taa yake nyekundu inawaka. Televisheni tulikuwa tumeizima, lakini dekoda hakuna aliyeigusa. Au kwa kweli yupo aliyeigusa. Nilifunga mlango, nikawasha televisheni bila sauti, nikafungua orodha.

Daktari. Daktari. Daktari. Kutoka juu mpaka chini.

Ni mchezo wa televisheni ambao Mama Aline aliufuata kabla ya kilio. Kuna daktari mrembo wa kiume, kuna muuguzi maskini anayempenda, kuna mama tajiri anayewatenganisha. Wifi yangu aliiagiza mashini irekodi kila sehemu, kila siku ya kazi, chini ya kitambaa chake cheupe, ili kilio kikiisha akae azile zote kwa mkupuo. Siku za kawaida angeangalia sehemu moja akaifuta. Lakini tulikuwa kwenye kilio, hakuweza kuangalia, basi zikarundikana. Na ile diski ndogo ilipojaa ikafanya kama ilivyofundishwa. Iliandika kwa Kifaransa chake cha adabu kwamba nafasi imekwisha, na kwamba kipindi cha zamani kuliko vyote kimefutwa.

Kilio cha Mama ndicho kilichomfuta Mama.

Sikupiga kelele. Nilikaa sakafuni nikamchukia Mama Aline kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele. Nilimtakia meno yang'oke. Nilimtakia aote kila siku anakaribia kuona mwisho wa mchezo na umeme unakatika. Alikuwa uani wakati huo, anamfundisha jirani jinsi ya kukaanga ndagala, dagaa wa ziwani, na sauti yake ilinifikia kupitia dirishani, nzuri na ya moto, sauti ya mtu ambaye hana deni na Mungu wala na mtu.

Baba Sifa aliporudi nilimweleza. Alishika kichwa. Nilimwona kweli ameumia, alimpenda mama yangu. Kisha akasema jibu lake.

Nikajua nitaifanya kazi hii peke yangu.

Fundi Djo ana kibanda karibu na soko. Anatengeneza simu, redio na dekoda, na muda wote anatafuna mahindi ya kuchoma. Nilimwekea mashini mezani nikamweleza, na kabla sijamaliza akauliza kama niliichomoa kwenye umeme. Nilikuwa nimeichomoa siku ile ile.

"Basi usilie kwanza, Mama Sifa," alisema. "Mashini haifutake kitu kweli. Inaondoa jina tu ku liste. Kitu yenyewe inabakia mu diski, mupaka ingine ikuje kuikalia."

Kwa hiyo ilibidi diski itoke, isiandikwe kitu tena, naye ajaribu kumtafuta Mama ndani yake kwa kompyuta. Na kwa kuwa dekoda haiwezi kukaa bila diski, aliniambia ni heri niweke nyingine kubwa, mara nyingi kuliko ile, maana mashini yenyewe inakubali. Yeye hakuwa nayo. Rafiki yangu tunayeuza naye vitenge alikuwa anavuka kwenda Bujumbura, akaniletea ikiwa imeviringishwa ndani ya mzigo. Ni kitu kidogo, cheusi, kizito kuliko unavyotegemea. Nilikishika mkononi njiani juu ya pikipiki, na hapo ndipo wazo liliponijia, nikacheka peke yangu mpaka mwenye pikipiki akageuka kuniangalia.

Jioni nilimwambia Mama Aline kwamba mashini ilikuwa imejaa, nimeipeleka kwa fundi kupanuliwa. Aliacha kupepeta mchele. Alijua nimeiona orodha yake.

"Kurekodi haiko kuangalia," alisema haraka.

"Najua, wifi," nikasema kwa utamu wote nilionao. "Ndiyo maana nakuwekea diski kubwa. Hata mwaka mzima wa mchezo wako utaingia."

Angalia jinsi moyo wa mtu ulivyo. Alinikumbatia na unga wa mchele mikononi. "Weye wifi iko na roho!" Kesho yake mtaa mzima ulijua. Alikaribisha rafiki zake wa kwaya, wale wanaokaa upande ambako umeme haujarudi tangu nguzo zianguke, ambao nao hawakuona mchezo tangu wakati huo. Aliwaambia waje Jumamosi, wakishakula wali wa kilio watabaki, watamwangalia daktari. Alinisifu kwenye mazoezi ya kwaya. Alinisifu kwa mchungaji. Kila sifa niliipokea na kuinamisha kichwa.

Neno moja sikumwambia. Diski mpya huwa tupu.

Fundi Djo aliniita baada ya siku kadhaa. Alikuwa amempata. Mwanzo wa kipindi umekwenda, milima imekwenda, swali la mwandishi limekwenda, na picha inavunjika vipande vipande kila mara. Lakini kiganja kipo. Kicheko kipo. "Weye ulifikiri ni nini?" ipo, safi, kama amesimama nyuma yangu. Nililia juu ya meza ya fundi, kati ya simu za watu, na yeye akaenda kusimama nje na hindi lake mpaka nimalize.

Aliporudi aliniambia habari njema nyingine: mchezo wa daktari wote ni mzima ndani ya diski ya zamani. "Nimwage yote mu hii mupya? Nafasi iko mingi sana."

"Mama tu," nikasema.

"Na hii ingine?"

"Ikae pale pale."

Aliniangalia. Ana mke, na ana dada zake pia, nadhani, maana hakuuliza zaidi. Kabla sijaondoka nilimwomba anifungulie sehemu ya mwisho, na nikaiangalia yote, nimesimama. Daktari anamwoa muuguzi. Kuna farasi mweupe. Ndiyo, nilikuwa bado kwenye kilio. Lakini kama kurekodi si kuangalia, basi kuangalia kwa fundi si kuangalia nyumbani.

Diski ya zamani niliificha ndani ya sanduku langu, chini ya vitenge vya Mama.

Jana ndugu zangu walishuka. Waliingia na magudulia ya maziwa na viatu vyenye udongo mwekundu, wakakaa wote upande mmoja wa sebule kama watu waliokuja kuposa. Tulisali. Mchungaji alisema maneno mazuri, wazee wakatangaza kwamba kilio kimekwisha, tukala. Mama Aline alikuwa amesuka nywele mpya na kushona kitenge kipya, na rafiki zake wa kwaya walikuwa wamejipanga kwenye mkeka wa mbele kabisa. Yeye mwenyewe aliondoa kitambaa. Alikikunja taratibu, kila mtu akimwangalia, akakiweka begani.

Kisha akashika rimoti. "Batu ya Mungu," alisema, "leo tutalia tena, lakini kilio ya kizuri."

Akafungua orodha.

Sijawahi kuona utupu mzuri kama ule. Kioo kizima cheusi, na chini yake mashini ikitangaza nafasi iliyobaki, nafasi ya kutosha ukoo wote, na juu mstari mmoja peke yake: Mama. Mama Aline alibonyeza kushuka. Hakukuwa na chini. Akabonyeza kupanda. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu. Aligeuka akanitazama, na mimi nilikuwa nimekaa na mikono yangu mapajani, natabasamu.

"Fungua, wifi," nikasema. "Hicho hicho."

Akafungua.

Kaka yangu mkubwa alisimama. Alisogea mpaka karibu na kioo, akainama, na Mama alipoziba mdomo kwa kiganja kaka yangu naye akaziba wake. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mdogo wetu wa mwisho alitoka nje. Nilisubiri hicho kwa muda mrefu na hicho nilikipata, hakuna atakayeninyang'anya.

Lakini kisasi, hicho alininyang'anya! Maana kicheko kilipoisha, aliyeangua kilio alikuwa Mama Aline. "Mama weee!" Alijitupa chini na nywele zake mpya. Rafiki zake wa kwaya wakamzunguka, wakampepea, wakamletea maji. Mchungaji akamshika bega. Mtu angeingia saa ile angempa yeye kwanza pole ya kufiwa na mama. Mimi, mwenye mama yangu, nilisogezwa pembeni ili wampitishie kiti. Watu waliondoka wakisema hawajawahi kumwona wifi anayempenda mama mkwe wa ndugu yake namna hiyo, na hakuna aliyekumbuka kuuliza daktari alikwenda wapi.

Basi leo, nyumba ikiwa tupu, nilikuwa uani nachambua sombe. Yeye pia hakwenda kanisani. Alikuja akakaa juu ya bidoni, dumu la maji, hakuigusa sombe yangu, hakusema chochote kuhusu chumvi.

"Wifi," alisema. "Fundi alipoteza vipindi vyangu?"

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu siku nyingi. Niliyasema polepole ili yaingie. Nilimwambia fundi hakupoteza kitu. Nilimwambia mashini ilimfuta mama yangu ili ipate nafasi ya daktari wake. Nilimwambia kilichobaki cha Mama kimeokotwa vipande vipande kutoka chini ya mchezo wake, na vingine havitaokotwa tena.

Alikuwa hajui. Nilimwona usoni kwamba hajui, alikuwa hajui kwamba mashini ikijaa inakula ya zamani. Uso wake ulibadilika taratibu, na hapo mtu mwema angeacha.

Mimi nikaongeza. "Na mwisho wa mchezo wako niliuona kwa fundi. Daktari amekufa."

Nilimsogelea. Nilitaka kuyaona machozi yake vizuri. Nilitaka kuyapima, yale ya mama yangu na yale ya daktari, nijue yapi ni mengi, na nikishajua nimchukie kwa raha mpaka mwisho wa maisha yangu.

Hakulia. Alifuta mikono kwenye kitenge.

"Basi na yeye aende," alisema. "Uniwekee Mama tena. Jana batu walikuwa wananizuia, sikumuona muzuri."

Tuliingia ndani. Nilimwekea. Alikaa sakafuni, karibu na kioo kama alivyofanya kaka yangu, na Mama akacheka, picha ikavunjika, ikarudi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. "Nyumba yangu iliendaka na maji," alisema bila kugeuka, "na huyu mama alinitumia maziwa kutoka kule juu. Minye, hata haikuwa mutoto yake." Nilikuwa sijui habari za maziwa hayo. Mama hakuniambia, wala Mama Aline hakuniambia. Nikarudia tena, bila kuombwa.

Sasa amelala na sombe iko jikoni, nimeipika mwenyewe, na chumvi nimeiweka ninavyotaka. Sijamsamehe. Niandike vizuri ili nisije nikajidanganya: mwanzo wa kipindi haurudi, milima hairudi, na bado atanifundisha kupika nyumbani kwangu. Kama kisasi ni kitamu kama wanavyosema, hiki changu kimechanganyika na kitu kingine ambacho sikukiomba.

Hata hivyo kesho ni Jumatatu, na sokoni kila mwanamke anajua mchezo ule uliishaje. Kwa hiyo nina asubuhi tu. Nitaamka kabla yake, nitoe ile diski chini ya vitenge vya Mama niifunge kwenye mfuko wa kwenda kwa Fundi Djo, auhamishie mchezo wote kwenye ile mpya. Na akija kunywa chai, kama hatataja chumvi, nitamwambia daktari amefufuka.